Wasee wa pikipiki, kwa nini ngoma yangu ilikunywa mafuta hivi pwani ya Tanga?

#1 MtuWaRongai
Niaje wadau. Nimerudi Nairobi na kundi letu kutoka Tanzania. Tulishuka na Mombasa Road, tukakwepa Likoni kwa Dongo Kundu, Lunga Lunga, tukavuka Horohoro tukaingia Tanga, halafu Pangani, pale tukavuka mto na kivuko hadi Bweni tukaendelea Ushongo mpaka Mkwaja. Kurudi tukakata Muheza, Korogwe, tukapanda Lushoto, tukashuka Mombo, Same, tukatokea Holili na Taveta. Hiyo pwani nawaambia ukweli ni tamu kuliko nilivyokuwa nimeambiwa, jua la kutosha, minazi mpaka ukingoni mwa barabara, mkonge umepangwa mistari unapita unapita na bado mistari haijaisha, na mtu ukimuuliza njia anaacha kazi yake akuonyeshe mpaka uelewe.

Sasa swali. Yangu ni ya cc 250, ya kabureta (ile ya kuchanganya hewa na petroli kabla ya injini). Hapa Nairobi na huko Mombasa Road inanipa karibu kilomita 30 kwa lita, hiyo naijua kwa sababu naandika kila nikijaza. Tukishavuka mpaka ikaanza kushuka, na kipande cha Pangani kwenda Mkwaja nikipiga hesabu ni kama 22. Tulikuwa pikipiki nne, mbili ni za injekta (petroli inapuliziwa kwa kipimo cha kompyuta), moja ni ya cc 200 ya kabureta, na hao wenzangu hawakuona tofauti ya maana. Mimi ndio nilizimikiwa njiani kabla ya Mkwaja, tukauziwa petroli ya chupa kwa kibanda. Yule mama alikunja kipande cha leso mara mbili, akakitandika juu ya mdomo wa tanki, akamimina polepole akiwa ameziba nusu ya chupa na kidole gumba, na hakuna tone lilimwagika. Kwa leso kulibaki punje za mchanga na kabawa ka mdudu.

Makanika wangu anasema ni joto. Sijashawishika. Joto linakunywaje petroli? Na kama ni joto mbona wengine halikuwagusa? Nisaidieni kufikiria.

#2 Kamwana_Buru
Uzi wa maana huu, nimeshika chai. Swali la kwanza, ulibeba mzigo gani? Na nani alikuwa mbele?

#3 MwalimuWaFizikia
Jibu ni hewa. Nairobi tuko mita 1,600 na kitu juu ya bahari, hewa hapa ni nyepesi. Presha ya hewa ya Nairobi ni kama asilimia 82 ya ile utakayoikuta Tanga. Ukishuka mpaka usawa wa bahari injini inavuta hewa zaidi kila pistoni ikishuka, na kabureta inafuata hewa, hewa ikiingia nyingi inanyonya petroli nyingi. Utasikia pikipiki imepata nguvu, inavuta vizuri, na wewe kwa furaha unaenda kasi bila kujua. Na kuna upande wa pili ambao watu husahau. Hewa nzito inakusukuma zaidi kifuani. Upinzani wa hewa unapanda kwa kipeo cha pili cha spidi, yaani ukitoka 60 kwenda 90 upinzani sio mara moja na nusu, ni zaidi ya mara mbili. Ongeza hewa nzito juu yake. Hapo ndio lita zako zilienda.

#4 DagoHapa
Mwalimu heshima yako lakini 1,600 ni uwanja wa ndege Embakasi. Dagoretti kituo cha hali ya hewa ni karibu mita 1,800. Nairobi imeinama bana, ukitoka magharibi kwenda mashariki unashuka tu.

#5 FundiWaGrogan
Nimefungua kabureta za kutosha hapa Kirinyaga Road kwa hivyo naomba nimpinge mwalimu kidogo. Pikipiki nyingi za kabureta zinatoka kiwandani zikiwa zimepimwa kwa usawa wa bahari au karibu na hapo. Ukiileta Nairobi hewa inapungua lakini jeti (kale katundu ka kupitishia petroli ndani ya kabureta) ni ile ile, kwa hivyo petroli inazidi hewa. Ndio maana plagi za Nairobi zinatoka nyeusi, masizi. Ukishusha hiyo pikipiki pwani ndio inapata hewa yake, plagi inakuwa kahawia safi. Kwa hivyo kwa hesabu hii pikipiki ingekunywa KIDOGO Tanga kuliko hapa. Imefanya kinyume.

Mimi naangalia vitu viwili. Filta ya hewa, ile vumbi ya barabara za huko ikijaa kwa filta ni sawa na kuvuta choku (ile ya kubana hewa ukiwasha injini ikiwa baridi) safari nzima. Na jeti, kuna mtu aligusa hiyo kabureta?

#6 MwalimuWaFizikia
Fundi point yako nimeipokea upande wa jeti. Upande wa upinzani wa hewa sijatoka hapo.

#7 MtuWaRongai
Asanteni. Mzigo: nina maboksi mawili ya chuma pembeni na begi juu. Wengine wana mabegi laini ya turubai. Mbele nilikuwa mimi muda mwingi kwa sababu ndio nilikuwa na ramani. Filta niliosha kabla tutoke. Kabureta ilifunguliwa mwezi wa sita kwa gereji fulani, ilikuwa inamisi nikiwasha asubuhi, wakaisafisha, sijui kama walibadilisha kitu ndani.

#8 FundiWaGrogan
"Sijui kama walibadilisha kitu ndani." Hapo hapo. Simama hapo.

#9 Bahari_Pangani
Salaam wana Nairobi. Mimi ni mwenyeji wa Pangani, naona mnahangaika na kabureta wakati jibu linavuma puani. Kaka ulikuja mwezi gani? Maana kama ni mwezi wa nane huo ni kusi mtupu. Kuanzia Aprili mpaka Oktoba hivi upepo wetu unatoka kusini, halafu Disemba mpaka Machi unageuka unakuwa kaskazi. Ukitoka Horohoro kwenda Tanga, Pangani, Mkwaja unaelekea kusini njia nzima, yaani umekwenda uso kwa uso na kusi. Na kusi asubuhi limelala, likifika saa sita saba mchana ndio linaamka. Wavuvi hapa wanajua, mwenye ngalawa anatoka alfajiri, hangojei jua lipande.

Wewe mbele, maboksi ya chuma pembeni, kusi kifuani. Unategemea nini? Swali langu moja tu: kurudi ilikuwaje?

#10 Kamwana_Buru
Mzee wa Pangani ameingia na swali la mahakamani 😂

#11 MtuWaRongai
Mwezi wa nane ndio. Na mchana, kivuko tulikingojea sana kwa hivyo tulitoka Bweni kama saa saba. Za kurudi daftari liko kwa begi, naleta namba jioni.

#12 Abiria_wa_Lenana
Hamjambo. Mimi nilikuwa kwa hii safari, nilikaa nyuma ya ile 200, kwa hivyo nimemwona huyu bwana mgongo wake kutoka Mlolongo mpaka Mkwaja. Acha niongeze yale ameacha. Kwa boksi la kushoto kulikuwa na hema letu sisi wote. La kulia spana za kundi zima na mtungi wa maji. Juu ya begi kulikuwa na sufuria. Na mambo ya machungwa ya Muheza ni ya kurudi, hayo tutayafikia.

Halafu ule mchanga baada ya Ushongo. Sisi wengine tulikuwa tunafuata mstari wake, yeye ndio anafungua njia. Tairi la nyuma linazunguka papo hapo, anaweka gia ya pili, klachi nusu, moto mwingi, inatoka, inazama tena. Nilikuwa nasikia injini inalia. Mume wangu yuko nyuma anapita pale pale kwa alama ya tairi bila shida. Kwa maoni yangu alilipa mafuta yetu sisi wote, na mimi namshukuru.

#13 NjeNdani
Samahani natoa uzi nje kidogo, tunataka kwenda na marafiki Disemba. Mpakani wanataka nini? Kitambulisho kinatosha kama Uganda?

#14 DagoHapa
Kitambulisho ni Uganda na Rwanda. Tanzania enda na pasipoti. Na logbook, kama pikipiki sio yako beba barua ya mwenyewe. Na kadi ya njano ya homa ya manjano, hiyo inabidi uchanjwe kila baada ya miaka 10.

#15 MuuguziMbagathi
Hapana @DagoHapa, hiyo ya miaka 10 ilibadilishwa 2016. Siku hizi sindano moja ni ya maisha. Kitu cha kuchunga ni kwamba kadi inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, kwa hivyo usichanjwe Ijumaa na Jumamosi uko Horohoro.

#16 NjeNdani
Asante daktari. Na bima? Niliambiwa ile ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika) haifanyi TZ kwa sababu wao sio COMESA.

#17 Korogwe_Mkonge
TZ tulitoka COMESA mwaka 2000 lakini kwenye ile bima ya kadi ya njano tumebaki. Kata kwenu kabla hujatoka, inakubalika. Halafu @NjeNdani sikiliza kitu cha muhimu kuliko hizo karatasi zote: ukiona kibao cha 50, ni 50. Sio 55. Kijiji kikianza mpaka kiishe. Trafiki wetu wanakaa chini ya mwembe na kamera ya mkononi, unapita, mbele unasimamishwa unaonyeshwa picha yako mwenyewe. Faini 30,000 ya kwetu.

#18 Abiria_wa_Lenana
Tulionyeshwa. Picha ilikuwa nzuri sana, kofia yangu imeonekana vizuri.

#19 Kamwana_Buru
😂😂 mama omba nakala. Tukirudi kwa uzi, kuna kitu hamjataja. Petroli ya chupa. Hiyo ilichanganywa na mafuta ya taa, mimi nasema wazi. Petroli ya kibanda haina nguvu, injini inakunywa zaidi kufidia.

#20 Korogwe_Mkonge
Ndugu usitupake matope. Uchakachuaji ulikuwepo, hatukatai, lakini 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei ikaribiane na dizeli, faida ya kuchanganya ikaondoka. Leo uchanganye ili upate nini? Yule mama amenunua sheli Pangani, akabeba mpaka huko, akaongeza chake kidogo. Amewaokoa jua la saa nane.

#21 DagoHapa
Na sisi Kenya tulifanya vile vile 2018, shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa. Lakini @Kamwana_Buru hata bila hayo, soma uzi vizuri. Jamaa alizimikiwa KABLA ya kununua chupa. Chupa haiwezi kuwa imemaliza mafuta ambayo yalikuwa yameisha tayari.

#22 Kamwana_Buru
Sawa hiyo nimeiacha. Yule mama samahani.

#23 MtuWaRongai
Mama hana neno, alikataa hata kuongezwa pesa. Aliuliza tu tunatoka wapi, tukasema Nairobi, akaita watoto waje waangalie pikipiki zilizotoka Nairobi.

#24 Breki_Ni_Breki
Mimi nimesoma yote na hakuna mtu ametaja breki. Uliendesha ufukweni? Usiniambie hapana, kila mtu akifika Ushongo maji yakiwa yamekupwa anaendesha ufukweni. Mchanga na maji ya chumvi vikiingia kwa kaliper (kile kinachobana pedi kwa diski), pistoni ya breki inakwama kidogo, pedi haziachii diski. Hutasikia kitu, pikipiki inaenda, lakini ni kama kuna mtoto amekushika shati nyuma unakimbia naye. Inua gurudumu, lizungushe na mkono. Likizunguka mara moja likasimama jibu umepata. Ukishuka baada ya mwendo mrefu bila kufunga breki, sogeza mkono karibu na diski bila kugusa. Ya upande mmoja ikiwa moto kuliko nyingine hiyo ndio imekwama.

#25 FundiWaGrogan
Hii sasa ni hoja. Na hata kama sio hiyo naomba mtu yeyote anayeenda bahari akirudi aoshe na maji baridi ya bomba, sio ile presha ya kuoshea matatu, inasukuma mchanga ndani ya beringi. Cheni uifute uipake mafuta siku hiyo hiyo. Chumvi haingoji wikendi.

#26 MtuWaRongai
Ufukweni tulienda, wote wanne. Lakini ilikuwa siku ya kesho yake, baada ya kuzimikiwa. Ingawa... Tanga tulipolala tulishuka kwa mchanga pia. Sawa, nitainua gurudumu.

#27 MwalimuWaFizikia
Wacha nilete kingine nikiwa nimetafakari. Tairi. Ukijaza tairi hapa Nairobi presha 32, kipimo kinapima tofauti kati ya ndani na nje. Tanga hewa ya nje ina presha zaidi, karibu psi 3 zaidi. Tairi lile lile bila kuvuja kipimo kitakuambia 29. Tairi laini linabonyea, linakula mafuta. Ulipima ulipofika?

#28 Breki_Ni_Breki
Mwalimu lakini huko kuna joto. Umejaza asubuhi baridi ya Rongai nyuzi 15, unafika Tanga 30. Joto linarudisha presha.

#29 MwalimuWaFizikia
Kweli, linarudisha. Kutoka nyuzi 15 hadi 30 ni kama psi 2 na kidogo. Linarudisha sehemu kubwa, sio yote. Nakubali peke yake haitoshi kueleza kilomita 8.

#30 GPS_Kila_Mahali
Nyinyi mnaamini namba. Mimi nauliza hiyo namba ilitoka wapi. Kilomita alipima na spidomita? Spidomita za pikipiki nyingi za aina hiyo zinasoma gurudumu la mbele. Kwa mchanga la nyuma linazunguka, la mbele haliendi. Mafuta yanaungua, kilomita hazihesabiwi. Na alijaza tanki vipi, stendi ya pembeni au imesimama wima? Kwa tanki ndogo tofauti ya nusu lita inakuharibia hesabu nzima. Nusu lita kwa lita nne unazotumia siku hiyo ni kubwa sana.

#31 Kamwana_Buru
Na petroli inapanuka na joto pia si ndio?

#32 GPS_Kila_Mahali
Inapanuka, asilimia 1 hivi kwa kila nyuzi 10. Hiyo ni kidogo, haiwezi kumfikisha 22.

#33 MpendaHistoria
Mimi sina pikipiki ila huu uzi umenibamba. @MtuWaRongai mlisimama Tongoni? Iko kusini ya Tanga njia ya Pangani, magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Hapo karibu ndipo Vasco da Gama aliichoma moja ya meli zake akirudi kutoka India 1499, mabaharia walikuwa wamekufa wengi hawakutosha kuendesha zote. Na huo mkonge mliouona Waingereza waliuleta wakati gani?

#34 Bahari_Pangani
Sio Waingereza. Ni Mjerumani, Richard Hindorf, 1893, miche ilitoka Florida, njiani ikafa mingi ikabaki michache, ikapandwa huku kwetu Kikogwe, ng'ambo ya mto. Waingereza waliukuta. Na mkipita Pangani mjini msipite tu kukimbilia kivuko. Hapa ndipo Abushiri aliwainukia Wajerumani 1888, na hapa ndipo walimnyonga mwaka uliofuata. Watu wanakuja na pikipiki kubwa wanapiga picha ya mto wanaondoka.

#35 MtuWaRongai
Tongoni tulisimama. Mlinzi alitutembeza kaburi kwa kaburi, nguzo nyingi zimeanguka, ameziokota vipande amevipanga pembeni, kila kimoja anajua kilitoka kaburi gani. Hakuharakisha. Jua lilikuwa kali nimevaa jaketi la kuendeshea na bado sikutaka kuondoka. Pangani mjini mzee umenishika, hiyo ya Abushiri nitarudi nayo vizuri, naahidi.

#36 Korogwe_Mkonge
Tanga waja leo waondoka leo 😀

#37 MpendaHistoria
Na chungeni nyuki. 1914 Tanga Waingereza walishuka na jeshi kutoka India, nyuki wakaingilia vita, mpaka leo inaitwa vita vya nyuki.

#38 Abiria_wa_Lenana
Nyuki mmoja aliingia kwa kofia ya mume wangu karibu na Muheza. Pikipiki ilisimama haraka kuliko trafiki akisimamisha. Hapo ndipo tulinunua yale machungwa.

#39 MtuWaRongai
Daftari limepatikana. Namba za kurudi:
Mkwaja kurudi Pangani, barabara ile ile, mzigo ule ule: 26.
Pangani, Muheza, Korogwe: 28.
Mombo kupanda Lushoto na kushuka: 25, lakini hiyo ni mlima.
Mombo, Same, Holili: 29.

#40 Bahari_Pangani
Nimemaliza. Barabara ile ile, mzigo ule ule, kwenda 22 kurudi 26. Kilichogeuka ni nini? Ni mgongo wake umeelekea kusi.

#41 Abiria_wa_Lenana
Mzee heshima, lakini kurudi hakuwa mbele. Mbele alikuwa yule wa injekta, na tulikuwa tumejifunza kupita pembeni kwa majani pale mchanga ni mwingi. Tena maji ya mtungi yalikuwa yameisha na hema nilibeba mimi mapajani.

#42 FundiWaGrogan
Na alitoka saa ngapi kurudi?

#43 MtuWaRongai
Asubuhi, kabla ya saa mbili.

#44 DagoHapa
Basi mzee umejipinga mwenyewe, ulisema asubuhi kusi limelala. Sasa limemsukuma vipi likiwa usingizini?

#45 Bahari_Pangani
Halikuhitaji kumsukuma. Lilitosha kutomzuia. Ondoa upepo wa kifuani peke yake uone.

#46 MwalimuWaFizikia
Hapo mzee yuko sawa. Ukienda 70 na upepo wa 25 unakuja mbele, hewa inakupiga kama unaenda 95. Ukirudi hakuna upepo inakupiga ya 70. Tofauti ya nguvu ni kubwa, nyote mnaweza kupiga hesabu. Lakini pia hainipi 29 ya Same. Same hakuna kusi la baharini, na Same iko juu, karibu mita 900 hivi. Hewa imeanza kuwa nyepesi. Kwa hivyo na mimi bado nipo.

#47 GPS_Kila_Mahali
Same ni lami tupu na vibao vya 50. Alienda polepole kwa sababu ya trafiki. Trafiki ndio fundi wake.

#48 Korogwe_Mkonge
Hiyo nimeipenda, kamera yetu inaokoa petroli.

#49 Breki_Ni_Breki
Gurudumu uliinua??

#50 MtuWaRongai
Nimeinua jioni hii. La nyuma linazunguka vizuri. La mbele linazunguka lakini nasikia linasugua, shh shh, sehemu moja ya mzunguko. Linasimama baada ya mizunguko mitatu hivi.

#51 Breki_Ni_Breki
Haya.

#52 FundiWaGrogan
Kusugua sehemu moja ni diski imepinda kidogo, sio pistoni imekwama. Pistoni ikikwama inasugua mzunguko mzima. Lakini ifungue, usafishe, upake grisi ya breki sio hii ya beringi. Na nasisitiza tena hujanijibu ya jeti. Gereji ya mwezi wa sita. Kama waliweka jeti kubwa ili isimisi asubuhi ya baridi, hapa Nairobi hungejua kwa sababu unaenda taratibu kwa foleni. Ukifungua mkono wa mafuta kule kwa mchanga na upepo, jeti kuu ndio inafanya kazi. Hiyo inaeleza kwa nini wewe na sio ile 200.

#53 GPS_Kila_Mahali
Fundi lakini Mombasa Road anafungua mkono pia na alipata 30.

#54 FundiWaGrogan
Nairobi kwenda Mombasa unashuka, mwanangu. Unatoka mita 1,600 mpaka bahari. Hata mkokoteni ungepata 30.

#55 DagoHapa
Na kurudi Taveta kuja Nairobi amepanda. Hiyo namba hajatuwekea @MtuWaRongai. Ukiwa na hiyo tutajua.

#56 MtuWaRongai
Voi kuja Nairobi sikuandika, kulikuwa na malori mpaka Mtito, tulifika usiku nimechoka.

#57 Kamwana_Buru
Hiyo moja tu tulihitaji 😩

#58 Bahari_Pangani
Dawa ni moja. Rudini Januari wakati wa kaskazi, mwende kusini mkiwa na upepo mgongoni. Pikipiki zile zile. Mfike kwangu, kuna pweza na wali wa nazi, na kivuko nitawaambia saa ya kupanda msichomwe na jua. Safari hii mwende na mkaone Saadani, hifadhi yenye wanyama inayogusa bahari.

#59 NjeNdani
Saadani na pikipiki wanaruhusu?

#60 Korogwe_Mkonge
Hifadhi zetu pikipiki ni shida, usiende kichwa kichwa. Acheni pikipiki kijijini mpande gari.

#61 MwalimuWaFizikia
Nakubali Januari, lakini kwa masharti. Maboksi ya chuma yahamie kwa ile 200. Rongai akae wa tatu kwa mstari. Kila mtu ajaze tanki pikipiki ikiwa wima, na kila mtu aandike.

#62 Abiria_wa_Lenana
Maboksi hayaji kwetu. Wapeni wa injekta.

#63 FundiWaGrogan
Mkibadilisha mzigo na upepo na mtu wa mbele kwa pamoja mtarudi hapa na uzi mwingine wa kurasa kumi. Badilisheni kitu kimoja. Na kabla ya yote fungua hiyo kabureta. Jeti kuu ina namba imechongwa kwa kichwa, ndogo sana, tumia tochi ya simu na kioo cha kusomea.

#64 MtuWaRongai
Jumamosi nafungua. Nitapiga picha ya namba ya jeti, ya plagi na ya filta niweke hapa. Breki ya mbele pia. @Bahari_Pangani pweza hiyo iandikwe, tunakuja.

#65 Breki_Ni_Breki
Ukitoa kaliper weka kipande cha mbao katikati ya pedi, usibonyeze lever ikiwa nje, pistoni itaruka.

#66 MtuWaRongai
Sawa mkuu, nimeandika.